Majina Saidi alitaja

Juzi tumemuzika Saidi fundi, na kwenye matanga nimesikia kitu ambayo bado inanichoma. Wamama wawili walikuwa wanakunywa chai nyuma yangu kwenye mukeka. Mumoja akauliza, "Huyu Saidi ni nani, sha?" Mwingine akamujibu bila hata kushusha sauti, "Si yule alitaja watoto ya watu." Basi. Mutu ametengeneza pikipiki ya mutaa yetu nzima, Buyenzi, amekufa kwa ugonjwa ya figo, na hiyo njo jina anabaki nayo. Nilitaka kugeuka niwaambie pale pale. Shangazi akanifinya paja, maana ananijua, mi sina subira. Nikanyamaza, lakini nimerudi nyumbani na nimekaa kuandika, juu mi nilikuwa pale. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nilikuwa ninasoma lise, shule ya sekondari, na hakuna kitu nilisoma mwaka ule darasani ninakumbuka. Ninakumbuka yale majina tu na namna yalitoka.

Nilikuwa ninakaa kwa shangazi, mama ya binamu yangu Bebe. Chumba ya mbele ya nyumba yake ilikuwa ya kulia chakula: meza mbili ndefu, nailoni ya maua juu yake, na dirisha moja ndogo ya kupitisha sahani kutoka jikoni. Asubuhi ilikuwa chai, chapati na maharagwe. Mchana bugali ya muhogo, samaki ndogo ya ndagala na majani ya sombe. Mi nikitoka shule ninavaa kitenge juu ya sare, ninapeleka sahani. Kwenye ile dirisha mutu anasikia kila kitu. Watu wakiwa wanakula wanasahau kama muhudumu ana masikio. Nilijua nani anataka kuoa, nani anatafuta njia ya kuvuka mpaka kwenda Uvira, nani amegombana na shemeji yake. Na kila siku mchana walikuja polisi wawili ambao kazi yao ilikuwa kuuliza watu waliokamatwa. Hawakuvaa ngwanda, nguo ya polisi. Mumoja ni Afande Nestori, kijana bado, anakaa Mutanga Nord, shati yake ilipigwa pasi mpaka kwenye mikono. Mwingine ni Muzee Leonidasi, alikuwa karibu ya kupumzika kazi, anatoka Kanyosha na anakuja na udongo ya shamba yake kwenye viatu. Walikuwa wanagombana kila siku, na walikaa kila siku meza moja.

Wiki moja ya mwaka ule bomu ilitupwa pale watu wanangojea basi ya kwenda Buterere, saa ya kutoka kazini, foleni ikiwa imejaa. Mama Shantali alikufa pale. Yeye njo alikuwa anatuletea muchele kutoka kule, anaupima mwenyewe, na anaongeza konzi moja juu kila mara kwa sababu anamupenda shangazi. Watu walioitupa waliacha pikipiki na kukimbia, na ile pikipiki Saidi alikuwa ameitengeneza siku moja kabla. Polisi wakamuchukua Saidi kwenye garaji yake, mikono bado na mafuta.

Siku ya pili yake Afande Nestori alikula haraka. Muzee Leonidasi akamuuliza, "Amesema?"

"Anatupa hadithi. Eti mutu hamujui vizuri, eti anakaa mbali. Ukimuuliza mutu kama huyo polepole, anakutengenezea hadithi. Ukimufinya kidogo, anasema."

"Anasema nini?"

"Anasema, muzee."

"Nimesikia anasema. Ninauliza anasema nini."

Nestori akacheka. "We wangekupa wauaji ungewaandalia chai."

"Nimewahi kuwaandalia. Na walikunywa."

"Bon. Sasa mi nikuulize. Kuna bomu ingine iko mahali, sijui wapi. We unanywa chai na Saidi, kesho inalipuka sokoni, mujukuu wako iko pale. Utamwambia nini mama yake?"

Muzee Leonidasi alitafuna kwanza. Halafu akasema, "Kama niko na haraka, njo sababu ya kutaka jibu ya kweli. Jibu ya uongo inanipeleka mbali sana." Lakini alisema chini, na Nestori alikuwa anasema juu, na chumba nzima ilikuwa inamusikia Nestori. Shangazi mwenyewe alitoka jikoni na sahani, macho mekundu kwa kumulilia Mama Shantali, akasema, "Afande, mufinyeni. Mufinyeni mpaka aseme." Akamuongezea ndagala. Na hakuna mutu alishituka. Hiyo njo inanishitua leo kuliko zote. Wote tunamujua Saidi, wengine pale pikipiki yao ilikuwa kwake, na tuliendelea kukata bugali.

Na sitaki kudanganya hapa, ile swali ya Nestori ilinishika. Nililala nayo. Niliona iko na haki: bomu haingojei mutu amalize chai. Hata leo mutu akiniuliza kwenye meza, ninajua watu wengi watakuwa upande wake, na si watu wabaya.

Siku chache baadaye, watu wanatoka kuswali alfajiri, gari ilisimama mbele ya mulango yetu. Waliingia polisi wengi. Mumoja akauliza kwa nguvu, "Radjabu Kassimu iko wapi?"

Shangazi akashangaa kabisa. Akasema, "Radjabu Kassimu? Ni baba yangu. Alikufa, afande. Alikufa zamani."

"Huyu mama anadanganya."

"Wallahi alikufa! Kaburi yake munaweza kwenda kuiona!"

Halafu mumoja akatoka kwenye chumba na karata ya shule, kitambulisho, mukononi, na nyuma yake Bebe, na mswaki bado kinywani. Kwenye karata iliandikwa Radjabu Kassimu. Ni lazima nieleze, juu mutu wa mbali hawezi kujua. Burundi mutoto hachukui jina ya baba yake kama kwa wengine, kila mutoto anapewa yake. Na sisi Waislamu wa Buyenzi tunapenda kumupa mutoto jina ya babu yake aliyekufa, nzima nzima, ya kwanza na ya pili, ili muzee asipotee. Lakini nani ataita mutoto na jina ya baba yake mwenyewe? Nani atamwambia Radjabu Kassimu, "Njoo hapa, mujinga we"? Basi mutoto anapewa jina ya nyumbani, na ile ya babu inabaki kwenye karata. Binamu yangu mutaa nzima walimujua kwa jina ya Bebe. Alikuwa na miaka kumi na tisa, ndevu zimeanza, na bado Bebe. Wakamupandisha kwenye gari na ile mswaki. Shangazi alibaki mulangoni anasema, "Lakini alikufa," kama mutu anayerudia somo.

Kwenye kasho, jela ndogo ya polisi, hawapi watu chakula, ni jamaa wanaleta. Basi kila siku tulikuwa tunasimama na wamama wengine kwenye ukuta, sufuria zimefungwa na vitenge, jua kwenye uso. Shangazi alikuwa na swali moja tu, asubuhi mpaka jioni: Bebe atatoka ama hatatoka? Siku ya kwanza polisi mumoja kijana alitoka na kusoma majina ya wale wameletwa juu ya bomu, ili tupeleke sahani. Akasoma, "Radjabu Kassimu."

Shangazi akainua mukono. Nyuma yetu Bibi Mwajuma, ambaye mujukuu wake pia walimuchukua, akasema polepole, "Mungu amurehemu."

"Hamisi Feruzi."

"Mungu amurehemu," Bibi Mwajuma akasema, na sasa wamama wawili walikuwa pamoja naye.

"Shabani Yusufu. Athumani Selemani."

"Mungu amurehemu." Ilikuwa wote. Ilikuwa hata mimi, kinywa yangu ilisema peke yake.

Yule polisi akasimama. "Munasema nini? Hawajakufa! Wako ndani, wanataka chakula!"

Wamama walikuwa wanaangaliana. Kila mwaka, mbele ya Ramadhani, mutaa yetu inafanya khitma ya wafu wake. Mashehe wanasoma Kurani, halafu mumoja anachukua mikro na anataja wazee waliotutangulia, mumoja mumoja, na watu wanajibu Mungu amurehemu. Wanaanza na Radjabu Kassimu kwa sababu alikuwa wa kwanza kujenga pale. Halafu Hamisi Feruzi. Halafu Shabani Yusufu. Ile majina mutoto wa kwetu anaijua kama wimbo, hata mupangilio yake. Na mikro ya khitma, tangu nikiwa mudogo, ilikuwa inatengenezwa na nani? Saidi. Alikuwa anakaa chini ya ile spika kila mwaka, na bisibisi yake. Shangazi aliweka sufuria chini, kwenye vumbi, akasema, "Yallah. Aliwapa khitma."

Mchana ule ule mi sikungoja. Afande Nestori hakuwa hata amekaa vizuri, nikamwambia yote, haraka, sahani bado mukononi. Aliniangalia kama mutu anaangalia mutoto anayeimba. "Donc wafu njo walitupa bomu?"

"Apana, afande, Saidi alitaja wafu, na nyinyi mumechukua—"

"Mutoto, kila mufungwa iko na dada anayejua siri. Alitaja majina, tulitafuta majina, tulipata watu wenye ile majina. Hiyo inaitwa kazi." Akakaa, akala. Shangazi kule dirishani alikuwa anamuangalia anavyokula, na mi nilikuwa ninaogopa ataangusha kitu ya moto juu yake. Muzee Leonidasi alimaliza bugali yake na akatoka. Lakini alirudi jioni peke yake, akapita kwa mulango ya nyuma mpaka jikoni, akavua kofia.

"Mama Bebe, utapika uji?"

"Ya nani?"

"Ya Saidi. Iwe laini, kinywa yake imeharibika."

Sijawahi kuona uso ya mutu inabadilika vile. "Mi? Nimupikie Saidi? Mutoto yangu iko ndani kwa ajili yake!"

"Ndiyo. Na ukitaka atoke, pika. Huyu binti atakuja nayo kesho. Saidi anamujua tangu mudogo, mbele yake ataona haya kunidanganya, na wenzangu wataona haya kumugusa."

Shangazi alipika. Alikuwa anatupa sukari kwenye sufuria kama anapiga mutu mawe. Halafu akaonja, akaongeza maziwa.

Ile chumba walituingiza ilikuwa na meza, kalenda ya kanisa, na sakafu ambayo walikuwa wametoka kuiosha, bado na maji kwenye kona. Nilifikiri kutakuwa na minyororo, sijui nini. Ilikuwa ofisi tu. Ingekuwa ofisi ya shule. Saidi alikuwa chini, mugongo kwenye ukuta, na sikumujua mpaka aliposema, "We ni wa kwa mama Bebe." Nilimupa kikombe na akaniangalia tu. Vidole vyake vilivimba, havikukunja. Hii mikono ilikuwa inafungua karburateri na macho yamefungwa, anajivuna mbele ya wateja. Nikamushikia kikombe. Kila akimeza anafunga macho. Afande Nestori alikuwa amesimama mulangoni, mikono kifuani, alikuja kuona muzee anavyoshindwa.

Muzee Leonidasi alikaa kwenye kiti fupi. Hakuuliza kitu mpaka uji ilipungua nusu. Halafu akasema, sauti ya mutu anayeongea na jirani, "Saidi, huyu Radjabu Kassimu, ni munene ama mwembamba?"

"Mwembamba."

"Anavaa namna gani?"

"Kanzu. Na koti ya kaki juu. Iko na ndevu nyeupe… jicho moja haioni vizuri."

"Ni mutu mukubwa basi."

"Mukubwa, muzee."

"Na anakaa wapi?"

Saidi aligeuza uso, na uji ikamwagika kwenye kitenge yangu. "Anakaa makaburini," akasema. "Wote wako kule. Walikuwa wanataka majina. Nikisema sijui, wanaanza tena. Nikasema nitafute watu ambao hakuna mutu anaweza kuwaumiza. Nikakumbuka khitma."

Hapo mi sikuweza kuvumilia. Muzee alikuwa ameniambia ninyamaze, lakini nilisema kwa nguvu, "Bebe iko hapa! Bebe njo Radjabu Kassimu! Wamemuchukua!"

Saidi aliniangalia. Nimeona watu wanalia, nimeona maiti ya Mama Shantali inapita, sijaona uso kama ile. Hakujua. Siku zote zile, kila walipomupiga, kulikuwa na kitu moja alikuwa anajifariji nayo, kwamba hakumuuza mutu. Na mi njo nilimunyang'anya. "Bebe yupi?" akasema. "Ile mutoto nilimutengenezea baiskeli?"

Muzee Leonidasi alimungoja. Halafu akauliza, "Ile pikipiki, Saidi. Nani aliileta?"

"Nilisema."

"Sema tena, mi sikuwepo."

"Nilisema siku ya kwanza, kabla hawajanigusa. Mutu mufupi, anakaa Buterere, nyuma ya mashamba ya mupunga, nyumba ya mulango ya bluu. Nilimupelekea pikipiki kule mwenyewe. Yule afande akasema ni hadithi." Alielekeza mulangoni na kidevu, juu mikono haikuweza. Na mi niligeuka kumuangalia Afande Nestori. Alikuwa anasoma kalenda.

Walikwenda Buterere siku ile ile. Mulango ya bluu ilikuwepo. Ndani ilikuwa tupu, na majirani walisema wale watu walikaa pale kama kawaida mpaka jana yake, wakapakia godoro na kwenda, wanaaga watu vizuri. Kwa hiyo siku walipokuwa wanamuvunja Saidi vidole, wale walikuwa pale. Siku walipomuchukua Bebe na mswaki, bado walikuwa pale. Ninarudia hii kila mara nikimukumbuka Nestori na bomu yake ya pili. Alikuwa na haraka, na jibu ilikuwa mukononi mwake tangu asubuhi ya kwanza, akaitupa kwa sababu ilitoka bila damu. Na wale wako wapi leo? Sijui. Hakuna mutu anajua.

Bebe na wenzake waliachiliwa. Shangazi alipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Bebe hakuongea. Alikuwa anakula amegeukia ukuta, na mutu akigonga mulango anaacha kutafuna. Saidi walimushika wiki ingine nyingi, halafu naye akatoka, na kwenye mutaa hakuna mutu alimuitikia salamu. Yote niliyoona kule nilikuwa nimeieleza, lakini watu walisikia kitu moja tu, kwamba alitaja.

Mchana mumoja alikuja kwetu. Chumba ilikuwa imeisha wateja, tulikuwa wenyewe tunakula, shangazi, Bebe na mi. Akasimama mulangoni, mikono imefichwa kwenye mifuko.

"Mama Bebe, nimekuja kuomba radhi."

"We ulimutaja mutoto yangu," shangazi akasema. Hakusimama. Hakumuambia akae. "Nilikupikia uji kwa ajili ya mutoto, si kwa ajili yako. Toka."

"Mama," Bebe akasema. Ilikuwa mara ya kwanza anasema kitu kwenye meza tangu arudi. "Mi pia nilimutaja."

"Nani?"

"Yeye. Waliniuliza kama Saidi njo mukubwa wetu. Nikasema ndiyo. Walirudi kumupiga tena kwa sababu yangu, nilikuwa ninamusikia." Aliweka bugali chini. "Na we pia, mama."

"Mi nini?"

"Walitaka kujua tulikuwa tunakutana wapi. Nikasema hapa. Nikasema we njo ulikuwa unatupikia."

Shangazi alimuangalia, akaniangalia mi, akamuangalia tena. "Nilikuwa ninawapikia nini?"

"Pilau."

"Pilau? Mi? Bila idi, bila arusi?" Saidi kule mulangoni alitoa sauti, sijui kama ilikuwa kicheko, alikuwa ameshika mbavu. Shangazi hakucheka. "Na mbona hawakuja kunichukua?"

"Afande Nestori alikataa iandikwe. Alisema yeye mwenyewe anakula hapa kila siku, wataanza kumuuliza na yeye."

Nje watoto walikuwa wanapiga mupira kwenye ukuta. Shangazi akauliza, na sauti ndogo ambayo sikuijua, "Lakini waliamini? Mutoto yangu mwenyewe anasema vile juu yangu, na waliamini?"

"Waliamini, mama. Kila kitu nilisema wakinipiga, waliamini. Siku ya kwanza niliwaambia nilikuwa nyumbani nimelala. Hiyo njo hawakuamini."

Shangazi alishika kichwa na mikono miwili. Halafu akavuta sahani yake upande, akasogea mpaka kwenye mwisho ya benchi, na nafasi ikabaki katikati yake na mutoto yake. Hakumuangalia Saidi.

"Kaa," akasema.